Tunajenga gereji nyuma ya nyumba tufufue Landrover 109 ya mzee, karibuni tushauriane (uzi mrefu)

#1
Wakuu habari za jumapili. Huu uzi utakuwa mrefu so kama una haraka pita tu, kama una muda vuta kiti.

Mzee wangu ana Landrover 109 Series III, ile long chesi (fremu ndefu) ya petroli, iko uani kwetu Mwanga (Mwanga ya Kilimanjaro, siyo Mwanza, nawajua nyie). Imesimama chini ya mwembe tangu mimi niko sekondari. Hii gari ndo ilikuwa inapandisha watu Usangi siku za gulio enzi zile barabara ya mlimani ni tope tupu, mzee anaendesha, mama anakusanya nauli, sisi tumebanwa nyuma na magunia ya tangawizi. Ilipoanza kula oili na difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli) ikaanza kulia akaipaki, na ile kupaki ya "nitaishughulikia mwezi ujao" mnaijua wenyewe.

Sasa hivi mzee hana kazi nyingi, mdogo wangu kamaliza VETA umeme wa magari, mimi niko Moshi narudi wikiendi, na wanangu wawili hawaishi kupanda kwenye bonneti. Kikao cha familia kimekaa, tumekubaliana tunaifufua hapohapo nyumbani kwa mikono yetu, fundi wa nje anaitwa pale tu tunapokwama.

Ila mimi nimeweka sharti moja na ndo maana nimefungua uzi: hakuna kufungua hata nati moja mpaka gereji iishe. Yaani sakafu, paa, taa, meza, na mahali pa kuweka kila kitakachotoka kwenye gari. Mdogo wangu anaona nachelewesha mambo. Mimi nasema hivi, gari nyingi za zamani huku mtaani hazikufa kwa kutu wala kwa kukosa spea, zimekufa kwa kufunguliwa. Gari ikiwa imefungwa hata kama haiwaki bado ni gari, ikishafunguliwa vipande vikaenda chini ya kitanda, vingine kwenye kiroba, vingine kwa fundi ambaye kahama, hiyo gari imeisha, inasubiri vijana wa chuma chakavu wapite.

Wenye uzoefu karibuni, wenye kejeli pia karibuni ila mje na hoja.

#2
Mkuu hiyo uza kwa kilo, ongezea hela kidogo chukua IST, watoto waende shule kwa raha. Hela ya jamvi (sakafu ya zege) peke yake ungeshapata matairi manne na chenji.

#3
Uzi bila picha ni umbea. Nimekaa.

#4
Picha zitakuja, bando la wikiendi hii limeisha kwenye video za mafundi wa Uingereza.

Mkuu wa IST nimekusikia, IST ninayo, ndo inayonipeleka Mwanga kila jumamosi. Hii kitu siyo usafiri, ni mzee. Tuendelee.

Jengo. Gari ina urefu kama mita 4 na nusu na upana kama mita 1 na 70. Wengi wanapima gari, wanaongeza hatua mbili tatu, wanamwaga jamvi, halafu siku ya siku mlango ukifunguliwa unagonga ukuta. Sisi tumepima milango ikiwa wazi, tukahesabu na sehemu ya kulaza bodi ya nyuma, maana 109 bodi inatoka vipande vipande, mbawa za mbele, paa, milango, sakafu za miguu, boksi la nyuma zima, na kila kipande kinataka pa kukaa na hakitaki kukanyagwa. Tukaangukia mita 6 kwa 9. Mama kapoteza bustani ya mchicha, tumemuahidi nyingine upande wa kisima, ameandika kwenye daftari.

Jamvi ni inchi 5, resho moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto), na BRC (wavu wa nondo) ndani. Mteremko upo kuelekea mlangoni ili maji yatoke lakini mdogo sana, ukizidisha gari ikiwa kwenye stendi inakuwa na mawazo ya kuondoka. Tulimwagilia maji wiki nzima na gari haikusogezwa hapo mpaka siku 28 zimepita, mafundi ujenzi watanielewa, zege linaonekana gumu siku ya tatu lakini ukiweka jeki yenye tani moja juu ya kitako kidogo kama kisahani unalipasua.

Kuta ni tofali mpaka kiunoni halafu wavu, isipokuwa upande unaotoka upepo tumepandisha tofali mpaka juu. Mwanga huku chini ni pakavu na upepo wake unabeba vumbi la kutosha kupiga msasa gari bila kushika msasa. Bati mbili kati ya zile za paa ni zile za kupitisha mwanga wa jua, hiyo nawashauri wote, mchana hatuwashi taa kabisa.

Umeme tumevuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita za mraba 6, breka yake, na athi ya kueleweka, maana mashine ya kuchomelea (ni ile ndogo ya inveta, fezi moja) ikiunganishwa kwenye soketi ya sebuleni na kiekstensheni cha kuchajia simu, tunaongelea moto sasa.

Kunyanyulia injini: hii injini ya lita 2.25 ni chuma tupu, kama kilo 200 hivi. Msifunge cheni bloku kwenye kenchi za paa jamani. Tumesimamisha nguzo mbili za bomba nene ndani ya zege na juu tukalaza boriti ya H, kenchi haijaguswa. Mzee alisema enzi zake walikuwa wanafunga mnyororo kwenye tawi la mwembe. Mwembe bado una kovu.

#5
Mkuu mbona hujachimba shimo? Gereji bila shimo inakuwaje, utalala chini kwenye zege?

#6
Tulijadili sana hilo. Mzee alitaka shimo, mimi nikakataa kwa sababu mbili. Moja, hii gari ni ya petroli, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa shimoni kimya kimya, halafu mtu anaingia na taa ya waya yenye kutoa cheche. Mbili, nina mtoto wa miaka 6 ambaye kila penye mbao iliyofunika kitu lazima aifunue.

Halafu 109 yenyewe iko juu, ukiiweka kwenye stendi nne unaingia chini unakaa kitako kabisa. Ila ziwe stendi za chuma. Tofali hapana, jiwe hapana, jeki peke yake hapana kabisa. Kitofali cha saruji kinabeba vizuri tu mpaka sekunde ile kinapopasuka, hakikupi taarifa.

#7
Mimi ni fundi, niko Arusha, Landrover nimezianza kabla sijaota ndevu. Uzi mzuri, na hilo la gereji kwanza naunga mkono. Naongezea kitu kimoja ambacho mtalia msipokijua: spana.

Bolti za Series III nyingi ni za inchi, siyo milimita. Vijana wengi wana seti ya milimita ya Toyota, wanaingia nayo kwenye Landrover, wanaharibu vichwa vya nati halafu wanasema gari mbovu. Nusu inchi ni milimita 12.7, wewe unaweka 13, inaingia inacheza kidogo, nati imekaa na kutu miaka ishirini, unavuta, kichwa kinakuwa duara. Tisa ya kumi na sita ni 14.3 hapo 14 haiingii 15 inacheza. Kwa saizi mtakazotumia zaidi zinazosaidiana ni mbili tu, tano ya nane unaweza kutumia 16, na robo tatu unatumia 19 bila wasiwasi. Tafuteni seti ya inchi hata mtumba, ile mitumba ya Mwingereza ni chuma kuliko mpya za siku hizi, muhimu ziwepo saba ya kumi na sita, nusu, tisa ya kumi na sita, tano ya nane na robo tatu. Na tumieni spana ringi au soketi ya pembe sita, spana mdomo ni ya kumalizia.

Spana ya nati za habu (kitovu cha gurudumu) ni kubwa, milimita 52. Msigonge na tindo. Naona kila habu inayoletwa kwangu ina makovu ya tindo, hasira inanipanda hadi leo.

Bolti iliyogoma loweka. Dizeli changanya na ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), pakaa jioni, pakaa asubuhi, pakaa tena jioni, kesho gonga kidogo kichwani na nyundo kabla ya kuvuta. Ikikataa tia moto wa gesi, lakini siyo karibu na tenki wala paipu ya mafuta. Za bodi ambazo ni ndogo msihangaike nazo, kateni na grinda wekeni mpya, muda wenu una thamani.

#8
Wadau niko Thika huku Kenya, hizi gari zilikuwa zinaunganishwa hapa kwetu enzi za Leyland so mtaani bado kuna wazee wanazijua kama mfuko wao wa shati. Swali langu kwa mwenye uzi, mmecheki chesi? Watu wanaangalia bodi wanasema haina kutu, bodi haiwezi kuwa na kutu karibu yote ni aluminiamu. Kutu iko chini. Hiyo chesi ni boksi, tope linaingia ndani linakaa linaoza pole pole kutoka ndani kuja nje, ukiona tundu nje jua ndani kulishaisha kitambo.

Chukua nyundo ndogo gonga chesi yote kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti imekufa. Gonga sana zile mikono inayotoka pembeni kushika bodi, gonga penye sprinji zinashikilia, gonga juu ya ekseli ya nyuma, na ile boriti ya mwisho kabisa nyuma. Kama ni mikono tu na boriti ya nyuma, kata weka mpya, kawaida. Kama imeoza penye sprinji pande zote, kaa chini na mzee muongee vizuri juu ya chesi nyingine, viraka juu ya viraka ni hatari barabarani.

#9
Mkuu wa Thika asante, tumegonga jumamosi nzima, majirani wamedhani tunafua vyungu. Majibu: reli mbili kuu zinalia vizuri, nadhani ukame wa huku umetusaidia, mikono miwili upande wa dereva imekufa, boriti ya nyuma imekufa katikati. Na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, pale miguu inapokaa unaona sakafu ya gereji.

Naelezea kwa faida ya wote kwa nini hapo panaoza. Bodi ni aluminiamu, ukuta ni chuma, vikigusana na maji yakiwepo katikati aluminiamu ndo inaliwa, na chuma chenyewe kinaoza kwa kutu maana pale chini kapeti la mpira linashika maji mwaka mzima. So tunaporudisha kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma tunaweka rangi ya kutosha pande zote na mpira mwembamba katikati.

Kuchomelea bati jembamba kwa mashine ya stiki ni kazi, ukiweka moto mkubwa unatoboa, ukiweka mdogo fimbo inanata. Kwenye mikono ya chesi mdogo wangu kachoma mwenyewe na fimbo za 2.5. Kwenye sakafu za miguu tumemwita mzee mmoja wa gesi kutoka Mwanga mjini, kaja na mitungi yake kwenye mkokoteni, kakaa mchana kutwa, kazi yake ukiipiga msasa huoni kiungo. Kabla ya kuchoma tenki lilitolewa nje ya gereji kabisa, lile la chini ya siti, na betri ikatolewa. Tenki tupu la petroli ni baya kuliko lililojaa, mvuke ndo unaolipuka, na yeyote anayekwambia "limekaa miaka limekauka" mwambie aanze yeye.

Kufungua ndo kulikuwa kutamu. Sheria ilikuwa picha kabla ya kugusa, kisha kitu kinatoka na bolti zake, kinaingia kwenye dumu la maji la lita 5 lililokatwa juu, linaandikwa. Uandishi amepewa binti yangu wa miaka 9. So sasa hivi rafu nzima imejaa madumu yameandikwa kwa maka peni "BOLTI ZA MRANGO KUSHOTO", "HIKI BABU ANAKIJUA", "USIGUSE KINA GRISI". Hilo la pili tumelifungua mara nyingi na babu mwenyewe hakijui.

Mama ndo mhasibu. Alikuwa anakusanya nauli kwenye gari hii hii so hakuna aliyebisha. Kila shilingi inapita kwenye daftari lake, na ametoa amri mbili, hakuna beseni la jikoni kuoshea vyuma, na hakuna mtu kuingia ndani na viatu vya gereji. Ya kwanza mzee kashaivunja.

#10
Mwenye uzi hongera, mimi ni dada niko Tanga, tulifanya kitu kama hiki na baba kwenye Peugeot 504 yake. Nina neno kuhusu watoto kwa sababu naona wako ndani ya gereji.

Breki za gari za miaka hiyo, lile vumbi jeusi ndani ya dramu lina asbestosi. Mafundi wanapuliza na kompresa, vumbi linajaa gereji nzima, ni hatari ya mapafu na madhara yake yanatokea baada ya miaka mingi. Lowesheni kwa maji yenye sabuni, futeni na matambara, matambara yafungwe kwenye mfuko yatupwe. Watoto wawe nje siku hiyo. Hata klachi pleti ni hivyohivyo.

Na mpira wa silinda za breki usioshwe kwa petroli wala kuguswa na oili ya injini, unavimba. Tumia fluidi ya breki yenyewe kuoshea.

Ndoo ya mchanga na fire extinguisher mnazo?

#11
Dada asante sana, hilo la asbestosi mzee alikuwa halijui kabisa, breki zote amefungua maishani alikuwa anapuliza kwa mdomo. Ndoo mbili za mchanga zipo mlangoni, extinguisher ya unga ipo, tumeiweka upande wa kutokea siyo ndani kabisa.

Leo niwape ya aluminiamu maana hapa ndo nimemuona mzee wangu upya. Bawa la kulia mbele lilikuwa limebonyea vibaya, kuna ng'ombe wa zamani anahusika. Mdogo wangu akaanza kugonga, mzee akamshika mkono, akamwambia aluminiamu ikishabonyea inakuwa ngumu, ukiendelea kugonga inachanika. Akaingia ndani akatoka na kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche. Akachora mistari ya sabuni upande wa nyuma wa bati kama mtu anachora ramani, akachukua mtungi wa gesi wa kupikia na kichwa chake, akawa anapitisha moto kwa mbali, anazungusha, hasimami sehemu moja. Sabuni ikaanza kuwa ya njano, ikawa kahawia, ilipogeuka nyeusi akaondoa moto pale pale akamwagia maji. Akasema haya gonga sasa. Bati limekuwa laini unalisukuma kwa kidole gumba karibu, na kigogo cha mpera kwa ndani na nyundo ya mpira kwa nje likarudi.

Sababu yake ni kwamba aluminiamu haibadiliki rangi ikipata moto kama chuma, inakaa hivyohivyo halafu ghafla inayeyuka inadondoka chini. Sabuni inakuonyesha joto limefika kabla hujachelewa. Mdogo wangu kakaa kimya dakika nzima, na yeye siyo mtu wa kukaa kimya.

Kwa rangi: aluminiamu haishiki praima ya kawaida, inabanduka kama maganda baada ya mvua mbili. Iwe ile praima ya asidi ya kung'ata, nyembamba tu, ndo juu yake zije nyingine. Rangi yenyewe mama kaamua itabaki kijani ileile na paa jeupe, mjadala umefungwa.

#12
Sasa mzigo wenyewe wakuu, injini, na hapa familia imegawanyika.

Mdogo wangu anataka itoke hii ya petroli iingie 300 Tdi ya dizeli, anasema spea zimejaa Arusha, inakula kidogo, ina nguvu. Mzee hataki kusikia. Mimi niko katikati naonekana msaliti kote. Fundi wa Arusha toa neno.

#13
Fundi wa #7 hapa. Nimefunga Tdi kwenye Series nyingi tu na pesa nimekula, lakini nitasema ukweli.

Kwanza kama ni Tdi basi 200 Tdi inakaa kirahisi kuliko 300, mikono ya injini ya 300 iko sehemu tofauti, utachomelea sana. Pili, hiyo petroli yenu ina farasi 70 na kitu, Tdi ina mia na kumi hivi, na giaboksi ya Series haikutengenezwa kwa msukumo huo, dereva mwenye mguu mzito ataivunja. Tatu, difu zenu ni 4.7 kwa 1 (propela inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja), so hata ukiweka injini ya ndege gari itapiga kelele barabarani ikifika 80, ili ukimbie inabidi ubadilishe difu, ukishabadilisha unakimbia na breki za dramu ambazo hazikuwaza kukimbia. Unaona inavyokwenda? Ukibadilisha kimoja unabadilisha vyote, na mwisho una Defender ambayo siyo Defender.

Kwa gari ya familia ya kupanda Usangi sikukuu na kwenda harusini, baki na 2.25. Ni injini rahisi kuliko zote nilizowahi kushika. Kama inakula oili ni ringi au sili za valvu au vyote, pimeni mgandamizo kwanza kabla ya kuvunja chochote. Mkifungua hedi, muulize wa mashine shop aweke siti ngumu za valvu za eksozi, maana petroli yenye madini ya risasi iliondoka huku kwetu mwanzoni mwa 2006 na injini hizi zilizaliwa na risasi. Valvu zote, za kuingiza na za kutoa, nafasi ya fila ni milimita 0.25. Pointi za distribyuta karibu milimita 0.4. Mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyowaka kwa zamu, 1-3-4-2.

Kabureta kama ni Zenith, tatizo lake ni moja, kifuniko cha juu kinapinda na joto, petroli inapita kando, gari inakunywa kama ngamia na sailensa inakuwa jiko. Usinunue mpya. Chukua kioo cha dirisha kilichonyooka, weka msasa wa maji namba 400 juu yake, lowesha, zungusha kifuniko pole pole kwa mkono mpaka uso wote ung'ae sawa, badilisha na o-ringi ndani. Kazi ya saa moja.

#14
Fundi umeumaliza mjadala, nimemsomea mdogo wangu kwa sauti, kasema "4.7 nilikuwa sijui". Petroli inabaki. Ila kwa haki yake, kapewa umeme wote wa gari auchore upya, waya za zamani zilikuwa zimeliwa na panya na nyingine zimeungwa na gundi ya jojo, sijui nani. Kachora ramani ya waya kwenye karatasi ya manila kaibandika ukutani, kila fyuzi na rangi yake, hiyo ndo sehemu safi kuliko zote kwenye gereji.

Injini ilienda mashine shop Moshi, bloku ikachongwa, ringi na pistoni saizi ya juu, siti ngumu zikawekwa. Ikarudi, tukaifunga juu ya fremu ya vyuma pembeni, redieta ya kuazima, dumu la petroli limening'inizwa. Oili 20W-50, hii inataka karibu lita 7 pamoja na filta. Tulitoa plagi kwanza tukazungusha na stata mpaka presha ya oili ikapanda ndo tukarudisha.

Mdogo wangu akakaa kwenye stata, haikuwaka. Tena haikuwaka, ikakohoa ikatoa moto kwenye kabureta. Mzee akasogea akashika distribyuta, akaizungusha kidogo sana kwa kiganja, unene wa kucha, akasema tena. Ikawaka wakuu. Ikatulia. Unaweza kusimamisha shilingi juu ya kifuniko cha valvu, sawa nimetia chumvi, lakini ilitulia. Mama alitoka jikoni akauliza mnauza tiketi.

#15
Mimi wa IST. Nimesoma yote, nafuta usemi, siyo wote lakini robo tatu. Sasa maswali ya maana: hela imekwenda wapi zaidi, na kadi ya gari mko nayo? Maana naona mnafanya kazi safi halafu traffic wa kwanza anaichukua.

#16
Karibu tena mkuu, umeuliza vitu viwili ambavyo watu wanaviruka.

Hela: daftari la mama linasema gereji yenyewe ndo imekula zaidi kuliko kitu chochote kwenye gari, hasa jamvi na bati. Inayofuata ni mashine shop. Sprinji, bush, breki zote na paipu zake mpya zinafuata. Spea za bodi zimekula kidogo sana maana tumenyoosha zilizopo. Gereji siihesabu kama hela ya Landrover kwa sababu inabaki, jirani kashaleta trekta dogo la mkono na tumemuambia foleni iko.

Kadi: hili ndo lilikuwa la kwanza kabla hata ya jamvi. Kadi ipo, jina la mzee, ya mfumo wa zamani. Tulikwenda TRA tukiwa na namba ya chesi tuliyoisoma wenyewe, kwenye hizi imepigwa kwenye chuma cha kushikia sprinji ya mbele upande wa kulia, ukisafisha na brashi ya waya taratibu inaonekana, usipige grinda hapo hata kwa bahati mbaya. Na namba ya injini iko kwenye bloku upande wa eksozi kwa mbele. Zikawa zinafanana na kadi. Kama injini ingebadilishwa ingebidi kadi irekebishwe, vilevile rangi, hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kumshukuru mama kwa kijani chake. Kama kadi yako haieleweki, imepotea au iko kwa jina la marehemu, maliza hilo kwanza na warithi wakae wakubaliane kwa maandishi, usije ukatengeneza gari ya ukoo kwa hela yako.

Hali ilivyo sasa: chesi imepakwa, ekseli zimerudi, sprinji zimerudi, injini iko juu ya chesi. Zimebaki breki, waya na bodi. Difu ya nyuma iliyokuwa inalia bado haijafunguliwa, na kwenye habu tumekwama kwa kitu kidogo. Ile spana ya 52 Mwanga nzima hakuna, na tindo fundi wa #7 ameshatukataza.

#17
Msiguse tindo. Ninazo mbili, moja natuma kwa basi la kesho asubuhi, ipokeeni stendi, mtalipa nauli yake tu. Mkimaliza irudi, na mkifungua difu msichanganye shimu (vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kushoto na za kulia, mpeni yule binti wa madumu aandike.